Mizani ya Ugenini

Neno ugenini limezoeleka mno masikioni mwetu hata hatulitafakari tena. Mtangazaji wa redio hulitamka, gazeti la michezo huliandika kwa herufi kubwa, na mtoto wa darasa la tatu hulielewa: timu yetu itacheza kwa wenyewe. Lakini hebu tulichambue kama tufanyavyo darasani. Mgeni ni mtu; ugeni ni hali ya mtu huyo; na kiambishi -ni kinaigeuza hali hiyo kuwa mahali. Ugenini, basi, ni mahali ambapo mtu huwa mgeni. Lugha haikusema uwanja wa mbali, wala haikusema uwanja wa adui. Imesema kwamba huko uendako kuna mwenyeji, na kwamba wewe, hata ukiwa na nguvu za namna gani, utaingia kwake ukiwa mgeni. Wahenga nao wakaongeza kwamba mcheza kwao hutuzwa. Mcheza kwa wenziwe hupewa nini, hilo hawakulisema, wakatuachia sisi tulijadili.

Mjadala ninaotaka kuusimulia ulikuwa wa siku sita tu, kati ya Jumamosi ya tarehe 30 Machi na Ijumaa ya tarehe 5 Aprili 2024. Katika siku hizo mashabiki wa Yanga, nikiwamo mimi, hatukuwa na mazungumzo mengine isipokuwa safari ya Pretoria. Timu yetu ilikuwa imefika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, na mpinzani wake alikuwa Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini. Mchezo wa kwanza, uliochezwa katika Uwanja wa Benjamin Mkapa jijini Dar es Salaam, ulimalizika bila timu yoyote kufunga. Marudiano yalipangwa kuchezwa katika Uwanja wa Loftus Versfeld. Siandiki haya kama mchambuzi wa soka, maana wako wanaoijua kazi hiyo. Naandika kama mpenzi wa maneno aliyekaa kijiweni akisikiliza jinsi watu wanavyolipima jambo ambalo hawana uwezo nalo.

Kijiwe chetu kiko Magomeni, hatua chache kutoka kibanda cha fundi cherehani. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, kwa hiyo watu walijaa baada ya tarawehe. Muuza kahawa alitua birika lake na kashata zake. Wazee wawili waliendelea na bao lao pembeni. Fundi alishona kanzu za Idi huku mlango ukiwa wazi, asije akapitwa na neno. Watani wetu wa Simba nao walikuwapo, na walikuwa na mzigo wao: siku moja kabla ya mchezo wetu walikuwa wamefungwa nyumbani 1-0 na Al Ahly ya Misri, na Ijumaa ileile nao wangekuwa Cairo. Utani wa jadi ulipungua makali wiki ile. Watu wawili wanaokwenda ugenini siku moja hawana nafasi kubwa ya kuchekana.

Walichokuwa wakikifanya watu wale, kwa Kiswahili, ni kupima. Sisi washairi neno mizani tunalijua kwa maana yetu: ni hesabu ya silabi katika mshororo. Muuza nyama naye analijua kwa maana yake. Ninavyoona mimi, maana hizo mbili hukutana katika sharti moja, kwamba kipimo cha haki hutaka pande mbili. Ukwapi usipolingana na utao, shairi limechechemea. Na kitanga kimoja cha mizani peke yake si mizani. Shabiki hapendi sharti hilo. Shabiki angetamani kuweka kila kitu katika kitanga chake. Kilichonivutia wiki ile ni kwamba watu wa kijiweni, kwa kuwa mpinzani alikuwa mzito kiasi kile, walilazimika kupima kwa haki.

Katika kitanga cha hofu waliwekwa Sundowns wenyewe. Hawa walikuwa wametwaa ubingwa wa ligi ya nchi yao mara sita mfululizo. Walikuwa mabingwa wa Afrika mwaka 2016, na Novemba 2023 walikuwa wamelitwaa taji la kwanza kabisa la michuano mipya ya African Football League. Kipa wao, Ronwen Williams, alikuwa ametoka kuokoa penalti nne katika mchezo mmoja, Afrika Kusini ilipoitoa Cape Verde katika Kombe la Mataifa ya Afrika mwezi Februari. Pretoria nayo iko juu, zaidi ya mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, na mapafu yaliyozoea hewa ya pwani huliona hilo kabla ya kipindi cha kwanza kwisha.

Lakini lililotajwa kuliko yote lilikuwa pasi zao. Afrika Kusini mtindo huo wa kuuchezea mpira una jina lake, ‘shoeshine and piano’, yaani kung’arisha viatu na kupiga kinanda, na Sundowns ni miongoni mwa timu zinazotajwa nao daima. Wengi hudhani timu ya pasi hupiga pasi ili ifike golini. Kijana mmoja wa kijiweni aliyecheza daraja la pili alitueleza vizuri zaidi. Timu ya namna hiyo, alisema, hupiga pasi ili ikutoe mahali ulipo. Kipa humpa beki, beki humrudishia kipa, kipa humpa kiungo, naye Teboho Mokoena huugusa mara moja na kuurudisha ulikotoka. Wewe unasubiri. Unasubiri tena. Mwishowe mmoja wenu anachoka kusubiri, anaukimbilia mpira, na nyuma yake panazaliwa pengo. Pasi ya hatari ni ile inayopita hapo. Zile ishirini za kwanza zilikuwa za kukuchosha subira.

Fundi akasimamisha cherehani. “Mnasema wanapiga pasi,” alisema. “Mimi pia napiga pasi, tangu asubuhi. Kanzu ikipigwa pasi vizuri haina mkunjo tena, inalala tu mezani. Ndivyo watakavyotufanya.”

Tukacheka, na muuza kahawa akamjibu bila kugeuka: “Jumamosi walipiga pasi, pasi na bao.”

Nimelifikiria jibu lile mara nyingi. Neno pasi katika lugha yetu lina nyumba nne. Kuna pasi ya kunyooshea nguo. Kuna pasi ya kusafiria, ambayo wachezaji wetu walikuwa wameshaiandaa. Kuna pasi ya mpira, iliyokuja na Waingereza na viatu vyao. Na kuna pasi iliyo ya zamani kuliko hizo zote, pasi na shaka, pasi na sababu, yenye maana ya bila. Muuza kahawa, ambaye hajawahi kuhudhuria kongamano la Kiswahili, alizichukua mbili kati ya hizo akazigonganisha katika sentensi ya maneno sita, na ndani yake mlikuwa na uchambuzi kamili: kumiliki mpira ni jambo moja, kufunga ni jambo jingine.

Hapo mazungumzo yakahamia kwenye hesabu. Kwa kanuni za mashindano yale, timu zikilingana kwa jumla ya mabao, iliyofunga mengi zaidi ugenini ndiyo inayosonga mbele; zikilingana hata hapo, huenda moja kwa moja kwenye mikwaju ya penalti, ambayo sisi huiita matuta. Kwa kuwa hatukufungwa nyumbani, sare yoyote yenye mabao ingetuvusha. Moja kwa moja ingetosha. Mbili kwa mbili ingetosha. Sufuri kwa sufuri isingetosha.

Wasomaji wa magazeti ya michezo ya Tanzania mtakumbuka kwamba waandishi wetu wengi hutofautisha matokeo hayo kwa maneno mawili. Timu zikifungana mabao sawa, wametoka sare. Zisipofungana kabisa, wametoka suluhu. Kwa miaka mingi niliichukulia tofauti hiyo kuwa pambo la kimaandishi, njia ya mwandishi kukwepa kurudia neno. Wiki ile ilikuwa na uzito wa robo fainali nzima. Sare ilikuwa Pretoria yenye furaha. Suluhu ilikuwa kusimama mbele ya Ronwen Williams, mita kumi na moja, mtu mmoja mmoja. Nikawaza jinsi neno suluhu lilivyo na amani ndani yake, neno la wazee wanaopatanisha ndugu waliogombana, na jinsi Jumamosi ile lilivyotuacha bila amani yoyote.

Na sisi bao la ugenini tulikuwa tunalijua kwa uchungu. Mwaka mmoja kabla, katika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, USM Alger walikuja Dar es Salaam wakatufunga 2-1. Siku sita baadaye, tarehe 3 Juni 2023, Yanga ilikwenda Algiers ikashinda 1-0. Jumla ikawa mbili kwa mbili, na kombe likabaki Algeria kwa sababu mabao yao mawili yalifungwa ugenini na letu la ugenini lilikuwa moja. Kijiweni kwetu habari hiyo ilikuwa na matumizi mawili yanayopingana. Wenye hofu waliitaja kuonyesha kwamba sheria ile haina huruma. Wenye matumaini waliitaja kuonyesha kwamba tumewahi kwenda kwa wenyewe, mbele ya watu wao, tukatoka na ushindi. Ushahidi mmoja uliwekwa katika vitanga vyote viwili, na wote walikuwa na haki.

Ubishi mkali ulikuja tulipofika kwenye swali la namna ya kucheza. Vijana wengi walitaka Yanga ikabie juu, iwafuate Sundowns mpaka kwenye kisanduku chao, isiwape nafasi ya kupanga pasi. Walisema timu iliyoifunga CR Belouizdad ya Algeria 4-0 mwezi Februari haina sababu ya kumwogopa mtu. Wengine walisema tusubiri nyuma, tukabie chini, kisha tutoke kwa mashambulizi ya kushtukiza tukitumia mbio za Max Nzengeli. Kundi la kwanza likawacheka la pili kwa neno moja: “Mnataka tupaki basi!”

Neno hilo la kupaki basi tumelipokea kutoka Uingereza, na limekuja na dharau yake ndani. Anayeambiwa amepaki basi ameshahukumiwa kuwa mwoga kabla hajajitetea. Niliona jinsi lilivyowafunga midomo watu waliokuwa na hoja nzuri. Hawakuwa na neno la kuitetea hoja yao, kwa hiyo walianza kuonekana kama hawana hoja. Hilo ndilo lililonisumbua mimi kama mtu wa lugha. Mtu hupima kwa mawe aliyonayo. Ukiazima mawe ya mwenzio, na bei ya mwenzio unaichukua.

Msaada ulitoka kwenye bao. Mmoja wa wale wazee, aliyekuwa kimya muda wote, aliinua mkono ambao bado ulikuwa na kete.

“Basi likipakiwa, basi, hakuna safari tena,” alisema. “Mimi sisemi hivyo. Mimi nasema Ijumaa tutakate.”

Kwa wasiojua mchezo huu, bao la Kiswahili lina mashimo thelathini na mawili, safu nne za mashimo manane manane, na kete sitini na nne. Mchezaji anayeweza kula kete za mwenzake hana hiari, lazima ale. Lakini zamu inapofika na hakuna cha kula, mchezaji hutakata: huzisambaza kete zake upande wake, hali kitu, wala hajasimama. Mchezo unaendelea. Anayetakata vibaya humfungulia mwenzake mlango; anayetakata vizuri huzipanga kete zake ili zamu ijayo imkute tayari. Hakuna mtu barazani anayemwita mwenye kutakata mwoga. Wanatazama tu kama ametakata vizuri au vibaya.

Mzee akaeleza hivyo hivyo, kwa maneno machache kuliko yangu, na nikaona sura za watu zikibadilika. Wale waliokuwa wamefungwa na dharau ya basi walipata neno. Mmoja akasema kwamba Khalid Aucho ndiye wa kutakata katikati, asiufuate mpira, akae palepale pengo linapotaka kuzaliwa. Mwingine akasema kutakata si dakika tisini, kuna zamu ya kula, na ikifika Aziz Ki asisite. Hata wale wa kukabia juu wakaanza kuuliza maswali badala ya kucheka. Sitadai kwamba neno lile liliishinda Sundowns. Nasema liliwawezesha watu kumi na watano kupima jambo walilokuwa wakilitukana dakika tano nyuma.

Kulikuwa na mtu mmoja ambaye kwake kupima hakukuwa burudani. Kijana wa bodaboda anayeegesha pale kijiweni alikuwa na shilingi elfu hamsini mfukoni. Kanzu mbili za wanawe zilikuwa kwa fundi, zimekwisha kushonwa, na salio lake lilikuwa kiasi kilekile. Alitaka kuziweka zote kwenye ubashiri, Yanga ishinde Pretoria, na alikuwa ameshauandaa mkeka wake kwenye simu. Alikuja kwa yule mzee akamsalimu, kisha akauliza kama mtu anayeomba dua: “Babu, tunashinda. Si tunashinda? Niweke?”

Tazameni kitenzi hicho. Sarufi za shule hutuambia kwamba wakati ujao ni -ta-. Shabiki haitumii sana. Shabiki husema tunashinda, tunawapiga mbili, wanakufa Ijumaa. Hutumia -na-, wakati uliopo, kana kwamba mchezo umeshaanza na yeye anauona. Ni umbo zuri kwa nyimbo za uwanjani, maana humtia mtu moyo. Kwa mtu mwenye ada ya fundi mfukoni ni umbo la hatari, kwa sababu halina mlango wa kutokea.

“Nimekusikia, mjukuu wangu,” mzee alisema. “Sasa sema tena, lakini anza na tukipata.”

Kijana akacheka kidogo, akaanza. “Tukipata bao.” Mzee akaweka kete moja kwenye benchi. “Na wao wakishindwa kututoa nyuma.” Kete ya pili. “Na Diarra akiwa katika siku yake.” Ya tatu. “Na tusipofungwa la kusawazisha.” Ya nne. Kijana akazitazama kete nne zimepangwa mbele yake, na kwa muda hakuna aliyesema kitu. Cherehani pia ilikuwa imenyamaza.

“Hizo zote zikikubali kwa pamoja, mkeka wako hauchaniki,” mzee alisema. “Mimi Ijumaa nitashangilia kama wewe. Nakuuliza tu, kanzu zinasubiri kete ngapi?”

Sikumbuki mtu aliyemsema yule kijana au kumpa mawaidha. Alisimama pale akizungusha ufunguo wa pikipiki kidoleni, kisha akaingia kwa fundi. Alipotoka alikuwa na mfuko wa plastiki mkononi. Baadaye alikiri kwamba fundi alimpunguzia elfu mbili, na elfu mbili hizo akazibashiria. Alichokibashiri hajatuambia mpaka leo.

Alhamisi usiku nilijaribu kuyaweka yale niliyoyasikia katika ubeti mmoja. Nilitaka uwe na mizani kumi na sita, nane ukwapi na nane utao, sawasawa na safu za mashimo ya bao. Nauweka hapa kama ulivyotoka:

Mpira waachieni, wacheze hadi wachoke,
Ninyi mlango lindeni, wala ufa usizuke,
Pakitulia pimeni, na nafasi muishike,
Bao moja ugenini, nyumbani watu wacheke.

Mtaona kwamba kina cha kati kimejengwa juu ya -ni. Kwanza ni -ni ya kuamrisha watu wengi, lindeni, pimeni. Na mwisho ni -ni ya mahali, ugenini. Sikuipanga makusudi. Nilikuwa naitafuta ugenini tangu mshororo wa kwanza, na vitenzi vikanielekeza huko.

Ijumaa ikafika. Kijiweni palikuwa na televisheni moja iliyotolewa kibandani kwa fundi na watu wengi kuliko viti. Yanga haikuwa kanzu ya kulala mezani. Ilisimama imara mbele ya pasi zile, na kadiri muda ulivyokwenda wenyeji wakaanza kuharakisha, jambo ambalo timu ya pasi hailipendi. Katika kipindi cha pili Aziz Ki akapata zamu yake ya kula. Alipiga shuti lililogonga mwamba likadunda chini, kwenye mstari, au nyuma ya mstari. Sisi kijiweni tuliliona nyuma. Halikuhesabiwa. Mchezo ukaisha suluhu, neno lilelile, na matuta yakaanza. Sundowns wakashinda 3-2. Usiku huohuo Cairo, Simba ikafungwa 2-0. Dar es Salaam nzima ikalala nje ya mashindano kwa siku moja.

Asubuhi yake lugha ilikuwa imebadilika. Kwa siku sita tulikuwa tumeishi ndani ya -ki-: tukipata, wakikosea, ikifika dakika ya sitini. Sasa kila mdomo ulikuwa na -nge- na -ngali-. Bao lile lingehesabiwa tungevuka. Lingalihesabiwa tungalivuka. Walimu wetu walitufundisha kwamba -nge- huacha uwezekano wazi na -ngali- huufunga, ingawa wazungumzaji wengi leo huzichanganya. Nilisikiliza kwa makini kuona ni ipi wataishika watu wa kijiweni. Vijana walitumia -nge-, kana kwamba mwamuzi bado angeweza kubadili mawazo. Yule mzee alitumia -ngali- mara moja tu, akasema, “Lingaliingia, tungalivuka,” kisha akapanga kete zake kwa mchezo mwingine.

Nilitarajia matusi zaidi kuliko niliyoyasikia. Watu walikasirika kuhusu lile shuti, na walikuwa na sababu ya kukasirika. Lakini sikusikia mtu aliyesema tulicheza kwa woga, na sikusikia tena habari ya basi. Kijana aliyewahi kucheza daraja la pili alisema tulitakata vizuri, ila zamu moja ya kula haikuandikwa. Neno lilikuwa limeshaingia katika msamiati wa kijiwe. Hata mtani mmoja wa Simba alilitumia kuhusu timu yake, akiwa anakiri kwamba Cairo wao hawakutakata wala hawakula.

Idi ilipofika wiki iliyofuata, nilimwona kijana wa bodaboda akipita na wanawe wawili kwenye pikipiki, mmoja mbele na mmoja nyuma, kanzu nyeupe zimenyooka. Fundi alikuwa amezipiga pasi vizuri.

Sasa nawauliza wenzangu washairi na wapenzi wa lugha. Kanuni za mpira zimetufikia zikiwa na maneno yake, na mengi tumeyapokea vizuri: kona, penalti, pasi yenyewe. Sina ugomvi na mkopo. Ninachokitafuta ni maneno ya kupimia, yale yanayoturuhusu kuzungumza juu ya subira bila kuitukana, na juu ya kushindwa bila kujidharau. Kutakata nililipata Magomeni, kwa mzee mmoja mwenye kete mkononi. Najua bao linachezwa Unguja, Pemba, Lamu na kwingineko, na kila baraza lina istilahi zake. Kwenu mtu anayelinda akisubiri zamu yake mnamwitaje? Wavuvi wanaongojea maji yajae wana neno gani? Na wakulima? Naomba mniletee, kila neno na mahali lilikosikiwa. Msimu mwingine utakuja, na timu zetu zitapanda ndege tena kwenda kwa wenyewe.